Siwezi kubeua tena: yale ambayo hawakuniambia kabla ya operesheni ya kiungulia

Juzi jirani yangu kanikamata pale dukani kwa Mangi, mi nimeenda kununua vocha na maziwa tu, akaniuliza, "Baba Zai, samahani, ile operesheni uliyofanyaga ya kiungulia, ni salama lakini?" Mume wake kashashauriwa na mtu afanyiwe, ana kiungulia cha miaka mingi, usiku analala amekaa kama abiria wa basi la Mwanza. Nikamwambia mama, hilo swali ni refu, haliwezi kuishia hapa kwenye kaunta ya Mangi watu wanasubiri unga. Nikamwahidi ntaandika nimtumie. Kwa hiyo hii ni ya kwake, na ya wale wote mnaonifata inbox mkiuliza jambo hilohilo halafu nawajibu kwa voisi noti za dakika nane ambazo najua hamsikilizi hadi mwisho.

Nianze na jibu fupi kwa wenye haraka. Kufa kwa operesheni hii ni nadra sana. Waswidi waliwafuatilia watu 2,655 waliofanyiwa kwa njia ya matundu madogo ya tumboni kati ya mwaka 2005 na 2014, waliofariki ni kama mmoja kwa kila elfu, na waliopata matatizo ndani ya siku 30 za mwanzo walikuwa asilimia 4.1. Sasa hapo wengi wanafunga mjadala, wanasema aah kumbe ndogo tu. Hata mimi nilifunga hapohapo. Niliuliza "ntakufa?" nikaambiwa hapana, nikasaini. Sikuuliza ntaishije, yaani ntakulaje, ntakaaje mezani na watu, siku nikila kitu kibovu itakuwaje. Na hayo ndo yamenikuta.

Kwanza tuelewane inafanyika nini, maana mama yangu mzazi mpaka leo anaamini nilifungwa koo. Nilivyorudi alinishika shingo akaitazama huku na huku akaniuliza, "Mwanangu, wamekukata wapi mbona sioni?" Chakula kikitoka kooni kinapita kwenye umio mpaka kwenye mfuko wa chakula, na pale vinapokutana kuna msuli unaokaza kama mdomo wa kiroba. Halafu kuna kiwambo, ule ukuta wa nyama unaotenganisha kifua na tumbo, una tundu umio unapopita. Kwa baadhi yetu lile tundu linapanuka na kipande cha mfuko wa chakula kinapanda kifuani, ndo hiyo wanaita henia, na msuli unalegea, asidi inapanda inavyotaka. Daktari anachofanya ni kuvuta mfuko ushuke mahali pake, anashona tundu lipungue, halafu anachukua sehemu ya juu ya mfuko wa chakula anaipitisha nyuma ya umio anairudisha mbele anaishona, yaani kama mtu anavyojifunga kanga kiunoni. Ukizungusha mzunguko mzima ndo ile ya Nissen. Ukiacha uwazi kwa mbele, ukazungusha kama robo tatu, ndo ya Toupet. Shikeni hilo la mzunguko mzima na robo tatu, tutalirudia.

Huyo Nissen mwenyewe alikuwa daktari wa Kijerumani, akakimbia nchi yake mwaka 1933 Wanazi walivyoshika madaraka, akaenda Istanbul, hukohuko ndo akaanza kulifikiria hili jambo wakati anamtibu mtu kitu kingine kabisa, baadaye akiwa Basel kule Uswisi mwaka 1955 ndo akalifanya kwa ajili ya kiungulia. Na ndo yeyeyule aliyemfanyia Einstein operesheni ya mshipa mkubwa wa tumboni mwaka 1948, akauzungushia karatasi la selofeni, jamaa akaishi miaka sita zaidi. Mtu alipenda kuzungushia vitu, inaonekana. Hii ya matundu madogo ilikuja mwaka 1991 kwa Wabelgiji, kabla ya hapo ulikuwa unapasuliwa tumbo zima.

Mimi kiungulia nilikuwa nacho miaka tisa. Na si kile cha kula maharage usiku ukalala. Nilikuwa nikiinama kufunga kamba za viatu maji machungu yanakuja mdomoni, usiku nashtuka nimepaliwa, nakohoa mpaka mke wangu anawasha taa. Omeprazo asubuhi, omeprazo jioni, baadaye wakanibadilishia esomeprazo. Maumivu ya kuungua yalipungua, ila kile kitu cha chakula na maji kupanda hakikuisha, na ni kweli dawa zinapunguza ukali wa asidi tu, mlango wenyewe unabaki wazi. Nikameza mpira, ile kamera, wakaona vidonda kwenye umio na henia ya sentimita nne. Hapo ndo habari ya operesheni ikaanza, bima ikasema hii hapana, ukoo ukafungua grupu la wasapu, tukachangishana, nikaenda India. Hospitali siitaji na daktari simtaji, na nisingetaka mtu aje kuniuliza.

Nataka nikae kidogo kwenye vipimo maana hapa ndo pana siri yote.

Kabla ya kufungwa kuna vipimo vinne mtu anatakiwa kufanya. Kamera, hiyo nilifanya. Kunywa ile chokaa nyeupe ya bariamu huku wanakupiga eksirei, nilifanya. Kipimo cha asidi cha masaa 24, wanakuwekea waya mwembamba puani unashuka mpaka kwenye umio, unarudi nao hotelini, unakula nao, unalala nao, kimashine kiko kiunoni kinahesabu asidi inapanda mara ngapi, nilifanya na majibu yakasema kweli kabisa asidi inapanda. Cha nne kinaitwa manometri. Hicho nacho ni mpira wa puani, ila wenyewe unapima umio unavyosukuma, unameza kijiko cha maji, wanaangalia msuli unakaza kwa nguvu kiasi gani na kwa mpangilio gani. Mi nikaambiwa mashine ina hitilafu, fundi anakuja wiki ijayo, lakini majibu mengine yanajitosheleza. Tiketi yangu ya kurudi ilikuwa na tarehe. Pesa ya hoteli inahesabika kwa siku. Nikasema sawa.

Sasa sikilizeni kwa nini hicho kipimo si cha kurukwa. Kuna ugonjwa unaitwa akalasia, ule mlango wa chini haufunguki na umio hausukumi, chakula kinakaa hapo kinachacha, mgonjwa anahisi kuungua na chakula kurudi, anatibiwa kiungulia miaka. Huyo ukimfunga kanga juu ya mlango ambao tayari haufunguki umemmaliza, hata maji hayatapita. Na hata kama si akalasia, kuna watu umio wao una nguvu ndogo tu. Mi ndo kundi langu, nilikuja kujua baada. Nilikuwa na pampu dhaifu, wakanifungia koki nzito.

Operesheni yenyewe sina cha kusimulia, nusu kaputi, unahesabu kumi unafika saba. Niliamka bega la kulia linauma kuliko tumbo, nikadhani wameniangusha. Kumbe ile gesi wanayokujazia tumboni ili waone vizuri inachokoza kiwambo, na neva ya kiwambo na ya bega ni ndugu, maumivu yanajitokeza begani. Yanaisha siku mbili tatu. Kilichonishangaza ni usiku wa kwanza, nilivyosema najisikia kichefuchefu, sista alikimbia. Hakutembea, alikimbia, akaja na sindano ya kuzuia kutapika akaisukuma kwenye dripu, ndo akaanza kupumua. Asubuhi nikamuuliza daktari msaidizi kwa nini vile, akaniambia ukitapika au ukikukuruka sana siku hizi za mwanzo nyuzi zinaweza kukatika na mfuko mzima ukachomoka ukapanda kifuani, na hapo unarudi chumba cha operesheni siku hiyohiyo. Hilo nilikuwa naliambiwa nikiwa nimeshafungwa.

Na kwa kuwa tuko hapo, niwape na yale makubwa yenyewe, msije mkasema Baba Zai alificha. Umio au mfuko wa chakula unaweza kutobolewa wakati wanachambua nyuma yake ambapo hawaoni vizuri, inatokea kwa kama mtu mmoja kwa kila mia. Wakiliona tundu palepale wanashona maisha yanaendelea, wasipoliona ndo balaa, uchafu unavuja kifuani au tumboni, homa, moyo unaenda mbio, pumzi fupi, maumivu makali ya kifua siku ya pili ya tatu, hapo hakuna kusubiri kliniki ya Jumatatu. Bandama iko jirani palepale na inavuja damu ukiigusa vibaya, enzi za kupasua tumbo zima kuna watu walirudi nyumbani hawana bandama. Hewa inaweza kuingia nje ya pafu. Halafu kuna neva mbili zinashuka zimeshikana na umio, ndo zinaamrisha mfuko wa chakula kusaga na kumwaga, zikijeruhiwa chakula kinalala tumboni masaa, au kinyume chake unaharisha kila ukila. Baadaye kabisa, miezi au miaka, kanga yenyewe inaweza kulegea, kuteleza ikakaba mfuko badala ya umio, au kupanda kifuani nzimanzima. Wengine wanawekewa wavu kuimarisha lile tundu la kiwambo, na wavu nao kuna watu umewatafuna ukaingia kwenye umio.

Mi hayo hayakunipata hata moja. Kwenye karatasi mimi ni operesheni iliyofanikiwa.

Wiki za kwanza ni uji na supu iliyochujwa, hiyo kila mtu anapitia maana sehemu inakuwa imevimba, kumeza kunakuwa kwa shida hata kwa aliyefungwa vizuri. Nilikunywa uji wa ulezi mpaka nikawa nauota. Baada ya hapo mtori, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu. Mkate, nyama, wali mkavu na soda wamekuandikia kabisa kwenye karatasi usiguse. Ugali kwenye karatasi hawakuuandika, ni Wahindi, hawaujui.

Mwezi wa tatu nikaenda kwenye msiba Tanga. Tumekaa jamvini wanaume sita sinia moja, pilau ya nyama, mi nakula taratibu nachagua wali wenye mchuzi, shemeji ananiambia kula bwana mbona unadonoa kama kuku. Nikatia tonge la kawaida na kipande cha nyama. Likashuka, likafika hapa katikati ya kifua, likasimama. Si kupaliwa, unapumua vizuri tu, ila kuna kitu kimekaa pale kama ngumi. Nikanywa maji yashushe, kosa kubwa, maji yakakaa juu ya tonge. Ukimeza mate nayo yanapanga foleni. Dakika chache mdomo ukaanza kujaa mate mazito meupe kama ute wa bamia, hayaishi, nikainuka na leso mdomoni kama mtu anayelia, na watu wakadhani nalia, mzee mmoja akanishika bega akaniambia Mungu ndiye mpangaji. Nilisimama nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji dakika arobaini nikitema povu, hadi ghafla likapita lenyewe, nikalisikia linateleza, na mwili wote ukalegea.

Nilirudi jamvini nikasema nimeshiba.

Hiyo ikawa inatokea kila wiki, baadaye karibu kila siku. Nilikonda kilo kumi na moja. Mtaani unajua tena mtu akikonda, kila mtu ana jina lake la huo ugonjwa. Na kumbuka kiungulia hakipo! Hakipo kabisa, nalala chali kama mfalme, nainama kufunga viatu, hakuna kitu. Ndo maana nasema mtu akiniuliza ilifanya kazi nakosa jibu la neno moja.

Halafu gesi. Kubeua siwezi. Mpaka leo. Hewa unayomeza ukila, ukiongea, ukinywa chai kwa kufyonza kama sisi tunavyofyonza, yote inashuka na haina njia ya kurudi. Tumbo linajaa linakuwa ngoma, mkanda nalegeza tundu mbili baada ya chakula cha jioni, na njia pekee iliyobaki ni ya chini, samahanini wakubwa. Kama kazi yako ni ya ofisi yenye kiyoyozi na madirisha hayafunguki, lifikirie hilo kwa uzito sawa na unavyofikiria nusu kaputi. Sitanii. Kuna utafiti mkubwa wa Ulaya unaitwa LOTUS, uligawa watu 554 nusu dawa nusu operesheni ukawafuata miaka mitano. Wenye operesheni waliobaki na chakula kupanda walikuwa asilimia 2 tu, wa dawa 13, hapo operesheni imeshinda bila ubishi. Lakini shida ya kumeza ikawa 11 kwa 5, tumbo kujaa 40 kwa 28, na hewa ya chini 57 kwa 40. Ukijumlisha yote, waliokuwa bado wametulia baada ya miaka mitano walikuwa 85 kwa mia upande wa operesheni na 92 upande wa esomeprazo. Yaani hakuna aliyempiga mwenzie. Unabadilishana shida, unachagua ipi unaweza kukaa nayo.

La kutapika ndo lilinitisha kuliko yote. Mwaka uliofuata nikala mishkaki ya barabarani, nadhani ilikuwa ya jana yake, saa nane usiku tumbo likaanza. Mwili unataka kutapika, unakaza kila kitu, macho yanatoka, jasho, na hakuna kinachotoka, unakaza tena, hakuna. Mke wangu akanikimbiza zahanati ya jirani. Nesi wa zamu akanisogezea ndoo, "Tapika tu baba, usijizuie, ukitoa utapata nafuu." Namwambia sista siwezi, nimefungwa. "Umefungwa nini?" Tumbo, nimefungwa tumbo, haliwezi kurudisha. Akanitazama, akamtazama mke wangu, nadhani alishaanza kufikiria nimerogwa. Mke wangu ndo akatoa simu akamwonyesha picha ya ripoti, akaelewa nusu, la maana akakubali kunichoma sindano ya kutuliza kichefuchefu badala ya kuning'ang'aniza nitapike. Siku hizi natembea na kikaratasi kwenye waleti kimeandikwa nilichofanyiwa, mwaka gani, na kwamba kichefuchefu kitibiwe mapema. Na kwamba mtu asinisukumie mpira wa puani kwa nguvu bila kujua kuna nini kule chini.

Nilimpata daktari wa pili hapa nyumbani, mtu mzima, anaongea polepole. Akanipeleka manometri kwanza kabla hajasema lolote. Majibu yalivyotoka akayageuza kwenye skrini nione, mistari ya rangi inatakiwa iwe mkanda mmoja mzito unaoshuka, yangu ilikuwa madoa madoa kama redio inayokosa masafa. Akaniambia umio wako unasukuma kwa unyonge, na kuna uwezekano ulikuwa hivyo hata kabla. Nikamuuliza ingekuwa wewe ungefanyaje. Akasema, "Ningekuzungushia robo tatu, au nisingekuzungushia kabisa. Ila mi sikuwepo, na ni rahisi kuona njia ukiwa umeshafika." Huyo mtu nampenda kwa sababu hiyo, hakumsema mwenzie vibaya ili aonekane yeye bora. Na kuhusu robo tatu, majaribio mengi ya kulinganisha yanaonyesha kumeza kunakuwa rahisi zaidi na gesi inapungua, na asidi inazuiwa karibu sawasawa.

Akanipanua kwa puto. Unalazwa usingizi mwepesi, kamera inashuka, puto linawekwa pale penye kaba linajazwa taratibu. Mara ya kwanza nilipata nafuu wiki tatu, mara ya pili ndo ikakaa. Sasa hivi nakula wali, samaki, ndizi, chapati kwa adabu. Nyama ngumu nimeiacha, mkate ule laini wa dukani ndo adui namba moja maana unageuka gundi. Niliuliza kuhusu kufunguliwa na kufungwa upya, akasema inawezekana lakini mara ya pili ni kazi nyingine, kila kitu kimeshikana kwa makovu, hatari ya kutoboa inapanda na nafasi ya kutoka vizuri inashuka. Tukakubaliana kwa kilo nilizorudisha, tuache.

Sasa kuna hili la watu kukimbilia kisu kwa kuogopa dawa. Kila mwezi kuna meseji inazunguka, omeprazo inaua figo, omeprazo inasahaulisha, omeprazo inakula mifupa. Kuna jaribio kubwa lilitoka mwaka 2019, watu elfu 17 na zaidi, nusu wakapewa pantoprazo, ndugu yake omeprazo, nusu vidonge bandia, miaka kama mitatu, hawajui nani anameza nini. Kilichojitokeza kuzidi upande wa dawa ni maambukizi ya tumbo, asilimia 1.4 kwa 1.0. Figo, mifupa, kusahau, hakuna tofauti iliyoonekana. Sisemi umeze kama karanga, daktari akupunguzie kama unaweza kupungua, ila kujipeleka kupasuliwa eti unakimbia kidonge ni kukimbia mvua ukajificha kisimani. Na usidhani kisu kinakuachisha dawa moja kwa moja. Wamarekani waliwarudia maveterani wao wa jeshi miaka kama kumi baada ya operesheni, asilimia 62 walikuwa wanameza tena dawa za asidi. Wale Waswidi wa mwanzo, 17.7 kwa mia kiungulia kilirudi.

Wala msinishike kwamba napinga. Kuna utafiti wa mwaka huohuo 2019, hospitali za maveterani palepale Marekani, walichukua watu 366 waliosema dawa haiwasaidii kiungulia, wakawapima vizuri kila kipimo. Waliobaki kuwa kweli wana asidi inayopanda licha ya dawa walikuwa 78 tu! Wengine walikuwa hawamezi dawa sawasawa, ukiwarekebisha wanapona, wengine ugonjwa wao haukuwa asidi kabisa. Lakini hao 78, waliofungwa walipata nafuu kubwa 67 kwa mia, waliopewa mchanganyiko wa dawa 28. Kwa mtu sahihi aliyepimwa sawasawa, hii operesheni ni nzuri sana. Mimi nilikuwa karibu niwe mtu sahihi, pungufu kipimo kimoja.

Mtaniuliza kuhusu ile bangili ya sumaku, maana kuna mtu alinitumia video. Ipo, inaitwa LINX, Marekani iliruhusiwa 2012, ni shanga za sumaku zinavalishwa umio, chakula kikipita zinaachana, kikishapita zinarudiana, na wengi wanaweza kubeua, nawaonea wivu. Ila ni chuma ndani ya mwili, kuna aina za MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, huruhusiwi kuingia, na kwa wachache sana imetoboa ikaingia ndani ya umio. Wazee wa kazi wanakumbuka mwaka 1979 kulitoka pete ya silikoni ya Angelchik, rahisi, dakika chache inavalishwa, maelfu wakawekewa, halafu pete zikaanza kuhama, kukaba, nyingine zikatoboa, ikabidi kuanza kuzitoa. Kwa hiyo mi kitu kipya nakitazama kwa jicho moja.

Na wewe ambaye bado hujafanyiwa lolote lakini chakula kinakukwama, usijitibu kiungulia. Ukanda wetu huu, kuanzia Ethiopia unashuka Kenya, Tanzania mpaka Malawi, una saratani ya umio nyingi kuliko sehemu nyingi duniani, na kwa sehemu kubwa si ile inayoletwa na asidi. Kukwama kwa chakula ni kumeza mpira wa kamera wiki hiyohiyo.

Basi mama jirani, nilikutumia maswali manne ya kumuuliza daktari: amefanya ngapi kwa mkono wake, manometri itafanyika lini, atazungusha mzima au robo tatu na kwa nini, na usiku wa kwanza mgonjwa akichefuka nani atakuwepo. Umeniambia mmepewa rufaa ya manometri Alhamisi na mzee anagoma eti mpira wa puani ni mateso. Mwambie ni dakika kama ishirini, machozi yanatoka kidogo, anameza vijiko vya maji anarudi nyumbani. Mwambie pia Baba Zai atamsindikiza, ila njiani asininunulie soda.